Kutoka Shujaa hadi Muuaji: Kuporomoka kwa Maadili ya Macbeth katika Historia, Tamthilia na Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Tanzia ni utanzu uliojengwa juu ya anguko la mtu mkubwa. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alieleza kuwa shujaa wa kitanzia hapaswi kuwa mwema kupindukia, kwa sababu mateso ya mtu asiye na doa huchukiza badala ya kuhuzunisha. Wala hapaswi kuwa mwovu wa kutupwa, kwa sababu anguko la mwovu halimlizi mtu. Shujaa huyo ni mtu wa kati na kati, ambaye huangushwa na kosa fulani ambalo Wayunani waliliita hamartia. Kipimo hiki kinamtosha vizuri Mfalme Oedipus wa Sophocles, aliyemwua baba yake na kumwoa mama yake pasi na kujua.

Macbeth wa William Shakespeare hakienei kipimo hicho. Oedipus hakujua alilokuwa akilitenda, ilhali Macbeth alilijua kabla ya kulitenda, alilijua wakati wa kulitenda, na akaendelea kulijua baadaye. Hakuna mhusika katika tamthilia ile anayeeleza ubaya wa mauaji ya Mfalme Duncan kwa ufasaha kumshinda mwuaji mwenyewe. Hata hivyo, hadhira ya zaidi ya karne nne haijaacha kumsikitikia. Mhadhara huu unachunguza jambo hilo kwa kuangalia mambo matatu: tofauti baina ya Macbeth wa historia na Macbeth wa jukwaani; hatua anazozipitia mhusika huyu katika kuporomoka kwake; na kile ambacho lugha ya Kiswahili, ambayo ilimpokea rasmi kwa tafsiri ya S. S. Mushi iliyoitwa Makbeth mwaka 1968, inaweza kutufunulia kuhusu hatia yake.

Mfalme wa historia na mfalme wa jukwaani

Macbeth alikuwa mtu halisi. Alikuwa mtawala wa jimbo la Moray, kaskazini mwa Uskoti, na alishika ufalme mwaka 1040 baada ya Duncan kuuawa karibu na Elgin. Duncan hakuwa mzee mwenye mvi aliyechinjwa usingizini. Alikuwa mfalme wa umri mdogo kiasi, aliyetawala tangu mwaka 1034, na alikufa katika mapigano baada ya yeye mwenyewe kuingia Moray na jeshi lake. Wakati huo kiti cha Uskoti hakikuwa kikirithiwa moja kwa moja kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Matawi mbalimbali ya ukoo wa kifalme yalikuwa na haki ya kukidai, na Macbeth, pamoja na mkewe Gruoch aliyekuwa mjukuu wa mfalme, walikuwa na madai yenye uzito.

Macbeth huyo alitawala kwa miaka 17. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, na mwandishi mmoja wa karne hiyo alirekodi kuwa aligawa fedha kwa maskini. Mtawala asiye na uhakika wa kiti chake hathubutu kuiacha nchi kwa miezi mingi. Mwaka 1054 alishambuliwa na Siward, mtawala wa Northumbria, na mwaka 1057 aliuawa huko Lumphanan na majeshi ya Malcolm, mwana wa Duncan. Mwanawe wa kambo, Lulach, alitawala kwa miezi michache kabla ya kuuawa mwaka 1058, na Malcolm akashika nchi.

Walioandika habari hizo baadaye walikuwa wakiishi chini ya wazao wa Malcolm. Mwaka 1527 Hector Boece alichapisha historia ya Waskoti ambamo alimwingiza Banquo, mtu asiyejulikana katika rekodi za awali, akamfanya kuwa mzazi wa ukoo wa Stuart. Habari za Boece ziliingia katika kitabu cha Raphael Holinshed kilichotoka mwaka 1577 na kuchapishwa upya mwaka 1587, na ndicho Shakespeare alichokitumia. Hata katika Holinshed, Macbeth anatawala vema kwa miaka kumi, anatunga sheria nzuri na kuwalinda wanyonge kabla ya kugeuka dhalimu. Duncan ni mfalme dhaifu. Na Banquo ni mshiriki wa njama ya kumwua.

Shakespeare aliyabadilisha yote matatu. Alimfanya Duncan mtu mwema, akaifuta miaka kumi ya utawala bora, na akamtakasa Banquo. Sababu mojawapo iko wazi. Mwaka 1603 James wa Uskoti, wa ukoo wa Stuart, alirithi pia kiti cha Uingereza, na kundi la waigizaji la Shakespeare likawa chini ya udhamini wake. Mfalme huyo alikuwa ameandika kitabu kuhusu uchawi mwaka 1597, na mwezi Novemba 1605 alinusurika katika njama ya kulilipua Bunge. Tamthilia iliyotungwa yapata mwaka 1606 isingeweza kumwonyesha babu wa mfalme akishiriki katika kumwua mfalme.

Lakini sababu za kisiasa hazitoshelezi. Mauaji ya mgeni aliyelala hayakutoka katika habari za Macbeth. Shakespeare aliyachukua katika sehemu nyingine ya Holinshed, inayosimulia jinsi Mfalme Duff alivyouawa katika ngome ya Donwald kwa uchochezi wa mke wa Donwald. Huko Donwald hakushika kisu. Aliwatuma watumishi wake wanne. Shakespeare aliwaondoa watumishi, akakitia kisu katika mkono wa Macbeth mwenyewe. Badiliko hilo halikumpa Mfalme James faida yoyote. Faida yake ni ya kisanaa na ya kimaadili: mtunzi alitaka mtu asiyeweza kusema kwamba kazi ile ilifanywa na mwingine. Hivyo, historia ilimwonea Macbeth ili ukoo fulani upate sifa, na kutokana na uonevu huo pakazaliwa uchunguzi wa kina wa dhamiri ya binadamu. Msomaji mwadilifu hana budi kuyashika mambo yote mawili: asiitumie tamthilia kama ushahidi dhidi ya mfalme wa karne ya 11, wala asiutumie utetezi wa mfalme huyo kuipuuza tamthilia.

Hatua za kuporomoka

Kabla hatujamwona Macbeth, tunasikia sifa zake. Ni jemadari hodari, na ni ndugu wa mfalme. Hata hivyo, sifa hizo ni za kumpasua adui kwa upanga. Jamii inayomsifu ndiyo iliyomfundisha kuua, na tofauti baina ya shujaa na muuaji haiko katika kitendo bali katika idhini.

Hatua ya kwanza ni ya wazo. Wachawi watatu wanamtabiria ufalme, naye anashtuka. Banquo, aliyeahidiwa kuwa wazao wake watakuwa wafalme, anausikia utabiri ule ule wala hashtuki. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu inaashiria kuwa wazo la kuua halikuletwa na wachawi, lilikutwa limekaa. Wachawi hawatamki popote kwamba Duncan auawe.

Hatua ya pili ni ya kupima. Katika uzungumzi nafsia wake kabla ya mauaji, Macbeth anataja vizuizi vitatu: yeye ni ndugu wa Duncan, ni raia wake, na usiku huo ni mwenyeji wake, ambaye angepaswa kumfungia mlango muuaji. Anaongeza kuwa Duncan ametawala kwa upole. Anapotafuta sababu ya kuendelea haioni isipokuwa tamaa yake, na anafikia uamuzi wa kuacha. Anachomwambia mkewe, hata hivyo, ni hoja nyepesi kuliko alizozifikiria: kwamba watu wamemsifu hivi karibuni na hataki kuzitupa sifa hizo mapema. Hasemi kwamba ni dhambi. Mkewe anaudhihaki uanaume wake, na hoja nyepesi haistahimili dhihaka. Hapa ndipo mahali pa kwanza pa kuporomoka: Macbeth alikuwa na ukweli moyoni akashindwa kuutoa mdomoni.

Hatua ya tatu ni ya tendo. Baada ya kumwua Duncan anashindwa kuitikia amina, na anasikia sauti ikimwambia kuwa ameuua usingizi. Anashindwa hata kuvirudisha visu. Mkewe ndiye anayevirudisha. Mtu huyu bado yu hai kimaadili, kwa kuwa bado anaumia.

Hatua ya nne ni ya kuagiza. Anapotaka Banquo auawe anawatafuta watu wa kukodiwa, naye anawachochea kwa kuuhoji uanaume wao, silaha ile ile aliyochomwa nayo na mkewe. Mkewe hamwambii. Ndoa iliyokuwa ya shauri moja imekuwa ya watu wawili wenye siri, na katika dhifa anayotokea mzuka wa Banquo, kila mmoja anabaki peke yake na hofu yake. Ni baada ya dhifa hiyo anaposema kwamba amekwisha kuvuka sehemu kubwa ya mto wa damu, kiasi kwamba kurudi nyuma ni taabu sawa na kuendelea mbele. Hoja yake haimo tena katika mizani ya wema na ubaya. Imo katika mizani ya uchovu.

Hatua ya tano ni ya kuua bila faida. Macduff amekwisha kimbilia Uingereza. Kumwua mkewe na watoto wake hakumwongezei Macbeth usalama wowote, naye ameamua kuwa tangu sasa wazo la kwanza la moyo litakuwa tendo la kwanza la mkono. Ile nafasi baina ya wazo na tendo, ambamo uzungumzi nafsia wake mkubwa ulikaa, ameifunga kwa makusudi.

Hatua ya mwisho ni ya ganzi. Anaposikia kilio cha wanawake anatambua kuwa amesahau ladha ya hofu, na anapoambiwa mkewe amekufa hana machozi. Anayaona maisha kama kelele zisizo na maana. Mkewe amesafiri njia ya kinyume. Yeye aliyedhani kuwa maji kidogo yangeisafisha damu ameishia kuiosha mikono yake usingizini. Mumewe, aliyedhani bahari nzima isingetosha, amekoma kuiona damu. Hata hivyo, Macbeth bado anaweza kuorodhesha yale ambayo yangepaswa kuandamana na uzee: heshima, upendo, utii na marafiki, na kukiri kuwa hana hata moja. Hajapoteza ujuzi wa mema. Alichopoteza ni uwezo wa kusukumwa na ujuzi huo.

Sarufi ya hatia

Mtafsiri wa tamthilia hii katika Kiswahili hukutana na jambo ambalo Kiingereza huweza kulikwepa. Macbeth anapolipima tendo lake mwanzoni, halitaji kwa jina na hamtaji mtenda; huzungumzia jambo fulani na kufanywa kwake. Kiswahili humpa mtafsiri kauli tatu. Akisema limetendeka, mtenda hayupo kabisa. Jambo limejitokeza kama mvua. Akisema limetendwa, mtenda yupo lakini amefichwa. Akisema nimelitenda, viambishi vya mtenda na mtendwa vimebanwa pamoja ndani ya kitenzi kimoja, wala hakuna pa kujificha. Kuporomoka kwa Macbeth kunaweza kufuatiliwa katika ngazi hizi tatu.

Aidha, kauli ya kutendeka ina maana mbili zinazojulikana. Kikombe kimevunjika huarifu tukio. Njia inapitika huarifu uwezekano. Macbeth anaanza na uwezekano: linatendeka, maana yake linaweza kutendwa. Mkewe anamhakikishia hivyo kwa kuupanga mpango wa walinzi kuleweshwa. Kutoka linatendeka hadi limetendeka ni badiliko la kiambishi kimoja cha njeo, na ndani ya badiliko hilo mfalme amekufa.

Jambo la pili linahusu uundaji wa nomino. Kiambishi -aji hutumika mara nyingi kwa mtu ambaye tendo limekuwa mazoea au kazi yake: mwindaji, mwimbaji, msomaji. Ni kweli kwamba matumizi ya leo humwita muuaji hata aliyeua mara moja. Hata hivyo, umbo lenyewe lina funzo. Usiku wa kifo cha Duncan, Macbeth ni mtu aliyeua. Kufikia kifo cha watoto wa Macduff, ni muuaji kwa maana kamili ya kiambishi hicho.

Tamaa, uchawi na dhamana

Neno linaloleta ugumu zaidi ni lile ambalo Macbeth analitumia kutaja sababu yake ya pekee. Katika Kiingereza neno hilo lina asili ya Kilatini, kutoka katika desturi ya Warumi ya kuzungukazunguka kuomba kura, na laweza kuwa sifa au lawama. Kiswahili hakina neno moja lililo na mizani hiyo. Ari na hamasa ni sifa tupu. Uchu ni lawama tupu. Tamaa, lenye asili ya Kiarabu, ndilo lililo karibu zaidi, lakini huja na hukumu iliyokwisha kutolewa, kama methali inavyoonya kuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Msomaji wa Kiswahili anaweza basi kuifunga kesi mapema: huyu alikuwa na tamaa, amevuna alichopanda. Usomaji huo hauna kosa, lakini huiacha nje nusu ya tanzia, kwa kuwa Macbeth mwenyewe aliijua methali hiyo kwa namna yake kabla ya kuichezea.

Hata hivyo, neno tamaa lina hazina ambayo Kiingereza hakina. Tamaa ni uroho, na papo hapo ni matumaini. Ndiyo sababu aliyepoteza matumaini husemwa amekata tamaa. Mtu mwenye tamaa, aliyepata kila alichokitamani, anaishia kuwa mtu aliyekata tamaa. Mwanzo na mwisho wa Macbeth hukaa ndani ya neno moja.

Neno mchawi nalo lina uzito wake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mchawi si mtabiri. Mtabiri ni mwaguzi au mpiga ramli. Mchawi huroga, na aliyerogwa ni mtendwa anayestahili kuonewa huruma na kutafutiwa mganga. Msomaji aliyekua na dhana hiyo anaweza kumwondolea Macbeth dhamana yake yote. Wala kubadili neno hakutoi suluhu kamili, kwa sababu hadhira ya London ya mwaka 1606 nayo iliamini kuwa wachawi hudhuru. Suluhu imo katika tamthilia yenyewe: Banquo alisikia maneno yale yale, na hakuua mtu. Aliyepewa utabiri si sawa na aliyerogwa.

Macbeth na Kinjeketile

Tafsiri ya Mushi haikuzuka peke yake. Mnamo mwaka 1867 Edward Steere alikwisha toa hadithi nne za Shakespeare kwa Kiswahili huko Unguja, kutokana na masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, akairekebisha mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Makbeth ilitokea mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoweka miiko ya uongozi. Katika mazingira hayo, tamthilia ya kiongozi anayeiharibu nchi kwa kujitafutia usalama haikuhitaji maelezo mengi.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, tamthilia inayohusu vita vya Majimaji na kiongozi aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905. Nayo ina utabiri unaomzidi nguvu aliyeupokea, lakini mwendo wake ni kinyume. Kinjeketile anaanza kulitilia shaka neno alilolitangaza, na mwishoni, anapotakiwa kukana kwamba maji yale yalikuwa na nguvu, anakataa, kwa sababu kukana kungewanyang'anya watu wajao sababu ya kupigana. Anaacha mwili wake ufe ili neno libaki. Macbeth analing'ang'ania neno la wachawi ili mwili wake ubaki, na neno linapomgeuka, anapobaini kuwa Macduff alitolewa tumboni mwa mama yake kabla ya wakati, hana kitu kingine cha kusimamia. Wote wawili wanakufa wameshindwa vitani. Mmoja anabaki na maadili yake yakiwa yamekua. Wa pili alikwisha kuyazika mapema kuliko mwili wake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa Macbeth wa historia na Macbeth wa jukwaani ni watu wawili, na kwamba wa pili aliumbwa kwa kumdhulumu wa kwanza. Imeonyeshwa pia kuwa kuporomoka kwa mhusika huyu si safari ya kutoka nuru ya ujuzi hadi giza la ujinga. Anajua hadi mwisho. Katika pambano la mwisho anamwambia Macduff arudi nyuma, kwa kuwa nafsi yake imekwisha kulemewa na damu ya jamaa zake. Mwovu wa kutupwa hasemi hivyo. Kauli hiyo moja ndiyo inayomzuia asitoke nje ya tanzia na kuingia katika orodha ya madhalimu wa kawaida.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, funzo la kitaaluma ni kwamba tafsiri si chombo cha kusafirishia maana tu. Kauli za vitenzi, viambishi na utata wa maneno kama tamaa na mchawi humweka mtafsiri katika kiti cha hakimu, apende asipende. Kila anapochagua baina ya limetendeka na nimelitenda, ametoa hukumu. Mtafsiri anayelijua hilo ataipima kila kauli kabla ya kuiandika, jambo ambalo Macbeth aliliweza usiku mmoja tu, kisha akaamua kutolifanya tena.